Mwezi ukitoka, Goziba tunarusha dadu

Msomaji wangu, ukitaka kuijua tabia ya mtu usihangaike kumkopesha hela. Mwingize kwenye kundi la mchezo la watu saba, mpe dadu mbili, halafu kaa pembeni umwangalie. Wiki mbili haziishi, utakuwa umeshajua nani mroho, nani mwoga, nani anapenda isikike sauti yake tu, na nani akitaka kuondoka ataaga kistaarabu. Kazi hiyo mimi nimeifanya miaka miwili sasa. Leo naomba tuiongelee kidogo, maana vijana wa mjini mnaanzisha makundi ya kila aina kwenye simu, na mengi yanakufa hata mwezi haujaisha.

Kwanza nijieleze, usije ukadhani unaongea na mtaalamu wa kompyuta. Mimi ni mtoto wa kike, nilimaliza kidato cha nne, nikakaa Bukoba mjini mwaka mzima nikizungusha bahasha ya kaki ofisi kwa ofisi. Nilipochoka nikasema isiwe tabu, nikamfuata shangazi yangu Goziba. Kama hukijui, Goziba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Usianze kufikiria ufukwe wa watalii na viti vya kulalia. Huku ni kambi za wavuvi, nyumba za mabati, dagaa walioanikwa, mama lishe, na boti za injini zikisukumwa na watu wanaoimba. Wahaya wamo, Wakerewe wamo, Wajita na Wasukuma wamo. Mimi nina kibanda cha kuchajia simu kwa sola. Simu za watu zinalala kwangu, wenyewe wanazisubiri hapo nje wakipiga stori. Wachezaji wangu wa kwanza niliwapata kwenye benchi hilo hilo.

Mchezo wenyewe ni wa hadithi. Mmoja anakuwa msimulizi, kazi yake ni kueleza mahali mlipo, hatari iliyopo na watu mnaokutana nao. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake na anamsemea. Msimulizi anauliza, "Haya, mnafanya nini?" Ukisema unaruka juu ya mamba, unarusha dadu kuona kama umeruka au umeliwa. Hakuna goli wala mshindi. Hadithi inaendelea tu, wiki hata wiki, na mnaitunga wote.

Wazungu walianza kuuza mchezo wa namna hii kwenye boksi mwaka 1974. Unaitwa Dungeons & Dragons, waliutunga Gary Gygax na Dave Arneson, na nyumbani kwake ni mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani. Ndiyo, mji wenye jina la ziwa, uliojengwa kando ya ziwa, kwa hiyo watu wa Goziba tusijione wageni hapo. Zamani ilibidi mkae meza moja. Intaneti ilipokuja mambo yakabadilika: mwaka 2012 ikaja programu ya Roll20 yenye meza na dadu ndani ya kompyuta, na mwaka 2015 ikaja Discord, watu wakawa wanaongea kwa sauti kila mtu akiwa kwake. Sisi huku tuna WhatsApp, bando la kuhesabu, na jiwe moja kubwa upande wa pili wa kambi ambako mtandao unashika vizuri.

Usiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Kwetu Buhaya bibi akianza hadithi, wasikilizaji hawakai kimya kama magunia. Wanamjibu, wanamwambia aone ili na wao waone. Anayesimulia ndiye macho ya waliokaa, na waliokaa wana sauti. Ukiwapa hao dadu, umemaliza.

Dadu nazo zilikuwa kasheshe. Wazungu wana dadu za pande 20, utazipata wapi Goziba? Mkombozi wetu akawa mchezo mwingine unaoitwa Apocalypse World, uliotoka mwaka 2010, wa Vincent Baker na mwenzake Meguey Baker. Wenyewe unatumia dadu mbili za kawaida za pande sita, hizi hizi za ludo. Unajumlisha, na kama mhusika wako ana ujuzi wa jambo hilo unaongeza namba kidogo. Ukipata 10 na kuendelea umefanikiwa sawasawa. Ukipata 7 mpaka 9 umefanikiwa, lakini kuna kitu utakilipa. Ukipata 6 kushuka chini, msimulizi anakuletea balaa. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka: 15 ni za balaa, 15 ni za kulipa, 6 tu ndizo za raha tupu. Nilipowaeleza hivyo wavuvi walicheka. Mmoja akasema, "Dada, hiyo si ndiyo ziwa lenyewe?"

Joka la moto tuliliacha huko huko. Hadithi yetu iko ziwani, zamani, na mwenye ziwa ni Mugasha, yule ambaye katika masimulizi ya Kihaya anatawala maji na dhoruba. Wahusika ni nahodha mmoja mlevi wa rubisi, mfua chuma, mganga wa kike, mwizi wa senene na wengine wa aina hiyo. Hazina yetu ya kwanza haikuwa dhahabu, ilikuwa gunia la senene, na waligombana kuligawana kama wanagawana urithi.

Sasa tuje kwenye uongozi wa kundi. Mimi ndiye msimulizi na ndiye admini. Wengine ni wavuvi wawili wa dagaa, mama lishe mmoja ambaye ni dada yangu kwa umri, kijana mmoja wa Bukoba mjini, mmoja wa Kampala aliyekwenda kutafuta maisha, na mmoja wa Mwanza ambaye nitakuja kumweleza.

Adui wa kwanza wa kundi la mchezo ni ratiba. Kila mtu duniani anayecheza michezo hii atakwambia hivyo. Mmoja ana shifti, mwingine ana mtihani, wa tatu amefiwa. Hapa kwetu ratiba anaipanga mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa: taa inawavuta, wavu unawazoa. Mwezi ukishakuwa mkubwa ziwa zima linang'aa, taa haina kazi tena, na wavuvi wa dagaa wanabaki nchi kavu siku kadhaa wakishona nyavu na kunywa. Kwa hiyo sisi hatusemi "kila Jumamosi". Tunasema "mwezi ukitoka". Wa Kampala mwanzoni aliona ushamba, sasa anaangalia juu kabla ya kuniuliza tunacheza lini.

Siku za giza lakini wale wa nchi kavu nao wanataka kucheza. Hapo niliazima ujanja wa Mmarekani mmoja, Ben Robbins. Yeye alikuwa na wachezaji wengi kuliko siku, akaamua kwamba hakuna kundi moja la kudumu: wanaoweza kukutana wanapanga wenyewe waende wapi, na kila safari inaanzia mji wa salama na kuishia hapo hapo. Sisi mji wetu ni mwalo. Kila mchezo unaanzia mwaloni na lazima boti irudi mwaloni kabla hatujalala. Asiyekuwepo, mhusika wake amebaki anashona nyavu. Hakuna anayesubiriwa wala anayefukuzwa kwa sababu alikuwa kazini. Ukiendesha kundi la aina yoyote, hata la kusali au la mazoezi, jaribu ujanja huo. Makundi mengi yanakufa kwa sababu watu sita wanamsubiri wa saba.

Adui wa pili ni msemaji. Kijana wetu wa Bukoba mjini ni nshomile kweli kweli, amesoma na anataka ujue amesoma. Alikuwa anatuma ujumbe wa sauti wa dakika tisa. Dakika tisa, msomaji! Mvuvi mwenye bando la siku moja anaupakua, kumbe ndani mhusika anaeleza koti lake. Kumkataza hadharani ni kumvunjia heshima, na Mhaya aliyevunjiwa heshima hasahau. Nikaweka kanuni kwa wote: ujumbe usizidi dakika moja, na ukimaliza unamtaja mwenzako unayempa zamu. Ikawa kama kupasiana mpira. Mwenyewe aligundua kwamba akimpasia mama lishe hadithi inanoga, akawa anampasia yeye kila mara. Siku hizi ndiye mchezaji bora tulionaye, na maneno yake ni machache.

Adui wa tatu ni mwizi wa dadu. Kanuni yetu ni kwamba anayerusha anapiga picha na kutuma. Mmoja wa wavuvi, jina namsitiri, akawa anapata sita na sita usiku kucha. Wenzake wanamshangilia, mshikaji ana zali! Mimi nikazitazama picha. Mkeka ule ule, na kwenye kona kijiti cha kiberiti kile kile kimelala vile vile. Kama ningelitangaza kundini lingekuwa soo la kambi nzima, maana yule anatoka na wenzake ziwani na huko kuaminiana ni uhai. Alipokuja kuchukua simu yake nikamwambia taratibu, "Kaka, kile kijiti chako cha kiberiti kina bahati." Akanitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila usiku natoa neno la leo, unaliandika kwenye karatasi na dadu zinaanguka juu yake. Hakuna aliyejua kanuni ilitoka wapi.

Hayo matatu ni mepesi. La nne ndilo lililotaka kutuua.

Yule wa Mwanza alikuwa mfadhili. Kijana mwenye biashara yake, mkarimu, mcheshi, na kila tulipocheza aliwarushia bando watu wote. Ndugu msomaji, anayelipa bando kwenye kundi la simu ni kama mwenye boti kwenye kambi: hata akikohoa watu wanacheka. Mhusika wake akaanza kumfuatafuata mhusika wa mama lishe. Kwanza ilikuwa utani, watu wakafurahi. Halafu ikawa kila tukio, hata tukizama, yeye anataka kumkumbatia mganga. Halafu akahamia inbox, saa nane za usiku, na huko hakuwa tena mhusika wa hadithi.

Mama lishe alikuja kibandani mchana, akakaa kwenye benchi, akanionyesha simu bila kusema neno. Baadaye akasema, "Mdogo wangu, mimi kutwa nzima nahudumia wanaume wenye maneno. Usiku nilikuja kucheza, nipumzike na hayo. Kama na huku ni yale yale, naomba nitoke kimya kimya, msigombane kwa ajili yangu."

Hapo ndipo uongozi ulipo. Nikawauliza wawili wengine bila kutaja kila kitu. Mvuvi mmoja akaniambia nimvumilie tu, bila yeye tutacheza na nini? Wa Kampala akasema labda dada mwenyewe anatia chumvi. Aliyenishangaza ni nshomile. Alisema, "Waitu, mkimwacha huyo dada atoke kimya kimya, na mimi natoka, ila mimi nitatoka kwa kelele."

Nikampigia yule bwana. Sikumwandikia, nilimpigia, maana maandishi yanazunguka.

"Kaka, habari za biashara?"

"Nzuri sista, vipi, leo tunacheza?"

"Leo hapana. Nimepigiwa kelele kuhusu zile meseji za saa nane usiku."

Akacheka. "Ah, sista, si mchezo tu ule?"

"Mchezo uko kundini kaka, wote tunausoma. Kule hakuna mchezo, na mwenyewe amekataa."

Akanyamaza kidogo. "Basi na bando najitoa."

"Sawa kaka. Tunakushukuru kwa yote uliyotufanyia, na nakutoa kundini leo."

Nikamtoa. Mikono ilikuwa inatetemeka, nisikudanganye, kwa sababu na mimi bando lake nilikuwa nalitumia. Mhusika wake sikumuua. Wengine wangetaka aliwe na mamba mbele ya watu, lakini ukianza kulipiza kisasi kwenye hadithi kila mtu ataogopa siku yake. Nikaandika kwamba alfajiri alipanda boti kwenda Ukerewe kutafuta nyavu. Basi. Mpaka leo hajarudi.

Kundi lililala wiki tatu. Hakuna salamu wala utani. Nilidhani tumekwisha. Kisha mwezi ukatoka, na wa kwanza kuandika alikuwa mama lishe: "Mganga yuko mwaloni, nani ana boti?" Tukaanza tena kwa maandishi matupu, ambayo yanakula bando kidogo sana, na kila mmoja akawa anajitegemea. Ikaonekana kumbe tulikuwa hatumhitaji mfadhili kiasi kile, tulizoea tu.

Baada ya hapo tulifanya kikao ambacho wachezaji wa nje hukifanya kabla ya hadithi kuanza: watu wanaambizana wazi nini kiwemo na nini kisiwemo. Mmarekani John Stavropoulos alibuni kadi yenye alama ya X inayowekwa mezani. Ukiigusa, jambo lile linaachwa hapo hapo na huulizwi kwa nini. Sisi hatuna meza, tukachagua neno: nanga. Mtu akiandika "nanga", boti inasimama, tunageuza njia, na hakuna maswali. Niliogopa watu watalitania. Halikutaniwa. Wa kwanza kulitumia alikuwa mvuvi, mwanamume wa kifua, nilipoanza kueleza mtu anayezama usiku. Aliandika nanga. Tukageuza njia. Hakuna aliyemuuliza, na sote kisiwani tulijua.

Utaniuliza, yote haya ya nini, kwa mchezo usio na mshindi wala hela? Nikujibu kwa jambo moja.

Kipindi kimoja cha giza upepo mkali ulipiga usiku. Yule yule wa kijiti cha kiberiti alikuwa na mazoea ya kutuandikia asubuhi neno moja, "nimefika", hata kama hachezi. Asubuhi hiyo hakuandika. Saa tatu kimya, saa tano kimya. Unajua ziwani mtu anaweza kuchelewa nusu siku na hakuna atakayeshtuka, wanasema injini, wanasema wameuza samaki kwingine. Lakini kundi letu lilishazoea kuhesabu nani yupo mwaloni. Wa Kampala ndiye aliyeuliza kwanza. Nshomile akaanza kupiga simu kwa watu wake walioko mialo mingine. Mama lishe akazima jiko akaenda kwa mwenye boti, akasimama pale mpaka yeye naye akaanza kupiga simu. Mimi nilikuwa juu ya lile jiwe na simu tatu za wateja wangu.

Jioni tukapata habari. Injini ilikuwa imekufa, wamekokotwa na boti nyingine mpaka Bumbire, wote wazima, hawana chaji. Kesho yake alipoazima simu, ujumbe wake wa kwanza kundini ulikuwa: "Nimerusha nikapata 7. Tumepona, ila injini imekwenda."

Tulicheka, na mama lishe alilia. Mwenye boti hakucheka.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuanzisha kundi lako, la mchezo au la jambo jingine, hesabu watu wako. Jua nani hajasema leo. Mwenye maneno mengi mpe kazi ya kupasia wenzake, mwizi mwonye faraghani, na anayelipa bili asidhani amenunua watu. Mengine dadu zitaamua.

Wiki hii mwezi umepungua na giza limerudi. Wavuvi wangu wameshachukua simu zao kibandani, zimejaa chaji. Hadithi imelala mwaloni, nahodha anashona nyavu, na kuna kijana mmoja wa Muleba mjini anaomba kuingia. Nimemwambia asubiri mwezi utoke. Anasema atakuja na bando la watu wote. Nimemwambia aje na dadu zake mbili tu.